Gari Lililoinamia Jiko

Nusu ya juu ya Fundi ilikuwa ndani ya injini. Nusu ya chini ilikuwa nje, inaning'inia. Alikuwa amelalia tumbo juu ya grili ya pikapu ya baba mkwe wake, mkono wa kulia umezama mpaka begani kati ya injini na ukuta wa kabini, ukiitafuta plagi ya mwisho kwa kupapasa. Mkono wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania chuma cha betri asije akatumbukia mzima mzima. Miguu haikugusa chochote. Viatu vyake vilielea usawa wa kifua cha mtu mzima, na mtu mzima aliyesimama mbele ya viatu hivyo, kwa bahati mbaya, alikuwa baba mkwe mwenyewe.

"Fundi," Mzee aliviambia viatu.

"Naam, baba," Fundi aliijibu betri.

"Unaona nini humo?"

"Sioni, baba. Napapasa."

Mzee alirudi hatua moja nyuma. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na hakuzoea kuzungumza na soli.

"Shuka kwanza. Siwezi kuongea na mtu nisiyemwona uso."

Fundi alishuka kinyumenyume, akitafuta ardhi kwa ncha ya kiatu. Akaikosa, akatafuta tena, kisha akaiachia betri na kuangukia miguu miwili. Akageuka, akajipangusa tumbo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona ulishanisalimia asubuhi?"

"Asubuhi sikuwa nimekupa mgongo."

Kusema haki, hakuna mkao wa heshima wa kumtengenezea baba mkwe gari lililoinuliwa. Ukisimama chini unaona bampa tu. Ukipanda, unamwonyesha mkweo makalio, tena kwa saa nzima, tena yakitikisika kila unapokaza spana. Fundi alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu jana yake, na kwa kuwa hakupata njia nyingine, alikuja amevaa suruali mpya.

Pikapu hiyo ilikuwa na kimo cha magari mengine mpaka Mkandarasi, jirani wa ng'ambo ya barabara, alipoinua ya kwake. Mzee alivumilia kwa muda kuangaliwa kutoka juu na mtu aliyewahi kukopa misumari dukani kwake. Kisha akaipeleka pikapu kwa wanaofanya kazi hizo, wakaitia springi ndefu, wakachomeka vyuma kati ya bodi na fremu, wakaivalisha matairi ya trekta na bampa la chuma lenye taa nne. Iliporudi nyumbani, Mzee alisema sasa anaona mbali. Ilikuwa kweli. Alikuwa anaona mbali sana; kilichokuwa karibu, kama ndoo, kuku na wajukuu, hakukiona kabisa, na ilibidi mtu atangulie mbele kupiga makofi.

Mama mkwe alipandishwa mara moja tu, akivutwa mikono na mumewe na kusukumwa nyuma na mwanawe. Tangu siku hiyo alikwenda sokoni kwa miguu. "Hata gunia la saruji hupakiwa kwa adabu," alisema, na hakuna aliyembishia, kwa sababu yeye alikuwa amekaa dukani miaka yote na magunia ya saruji aliyajua.

Sasa gari lilikuwa linakohoa. Mzee alimwita mkwewe na kumwambia kwa simu: "Njoo utazame gari. Ukimaliza, jioni tutakaa, tuongee habari za mwenzio."

Fundi hakuambiwa mara mbili. Mwenzio huyo, yaani mkewe, alikuwa hapo kwa wazazi wake tangu mwezi uliopita, na hakukuwa na dalili ya kurudi. Kila alipopigiwa simu alijibu vizuri, akauliza kama amekula, akaaga. Ni bora angefoka. Siku hiyo Fundi alipoingia uani na sanduku lake la zana, mkewe alikuwa amesimama kwenye dirisha la jikoni kwa mama yake anakata mboga. Alimtazama, akasema, "Karibu," akaendelea kukata.

Chanzo cha yote kilikuwa kaunta ya jikoni.

Fundi alikuwa mtu mrefu aliyeshinda ameinama. Mchana kutwa aliinamia injini za watu, na usiku mgongo ulimdai. Basi alipojenga nyumba yake aliapa kwamba humo ndani hakuna atakayeinama. Kaunta ya jikoni aliijenga kwa zege, mwenyewe, kwa upendo, mpaka usawa wa mbavu zake. Akasimama mbele yake, akaweka viwiko juu, akasema, "Hapa ndipo penyewe." Mkewe alikuwa mfupi. Sufuria ilipokaa juu ya jiko, mvuke ulimpiga kidevuni. Akatafuta kreti la soda, akaligeuza chini juu, akawa anapikia juu yake, miaka inakwenda. Fundi, ambaye hakuosha hata kijiko kwenye kaunta ile, aliliona kreti kila siku na hakuona kitu.

Siku moja mkewe aligeuka na sufuria ya maji ya moto mkononi, akasahau yuko juu, akakanyaga hewa. Maji yalikwenda sakafuni, kifundo cha mguu kikavimba. Fundi alikuwa mezani anakula. Alimkimbilia, akampaka dawa, akamfunga bendeji, na alipomaliza alimwambia kwa sauti ya huruma: "Uwe unashuka polepole."

Kesho yake alimletea zawadi: kreti jipya, jekundu, gumu zaidi, lenye pembe moja aliyoikaza mwenyewe kwa waya.

Mkewe alilitazama kreti lile kwa siku kadhaa. Kisha akafunga begi la nguo, akabeba na kreti. "Ni langu, nimepewa," alisema, akaondoka.

Hiyo ndiyo hali ilivyokuwa. Plagi zote Fundi alikuwa ameshazibadilisha, isipokuwa ile ya mwisho, ya nyuma kabisa, ambayo ndiyo iliyokuwa mbovu.

"Hebu tuanze upya," Mzee alisema. "Mtu anafikaje kwenye injini yangu bila kunilalia gari kama mjusi?"

"Baba, nilisema asubuhi. Pale getini pana mfereji mpana. Tukilisogeza gari, matairi ya mbele yakaingia mferejini, injini itashuka mpaka hapa." Fundi alijigusa tumboni. "Nitasimama chini kama mtu."

Mzee alitazama geti. Ng'ambo ya barabara, nje ya nyumba ya Mkandarasi, pikapu ya Mkandarasi ilikuwa imesimama na kifua chake mbele.

"Pua ya gari langu inaelekea wapi?"

"Nje, baba."

"Nje kwa nani?"

Fundi alitazama ng'ambo ya barabara.

"Gari langu haliwezi kuinama mbele ya nyumba ya yule," Mzee alisema. "Akitoka akute limempigia magoti? Atasema nini? Tafuta njia nyingine."

Fundi alikuwa mtu wa utaratibu. Aliukata usukani wote kulia, tairi likatokeza nje ya madigadi, pakapatikana mahali pa kukanyaga. Mzee aliruhusu, kwa sharti la kuvua viatu. Kisha akaleta kitambaa, akasimamia mpaka nyayo zikafutwa. Fundi alipanda pekupeku. Kutoka pale plagi za mbele zilifikika vizuri sana, na zote zilikuwa zimeshabadilishwa. Ile ya mwisho ilikuwa mbali kwa urefu wa kiganja. Alijivuta, tairi likamteleza, ugoko ukagonga ukingo wa madigadi. Akashuka akiwa ameuma meno.

"Umelikwaruza?" Mzee aliuliza.

"Nimekwaruzika mimi, baba."

"Ah. Afadhali."

Ikaletwa ngazi. Ya kuegemeza ilikataliwa kwa ajili ya rangi. Ile ya kujisimamia yenyewe ilisogezwa mpaka ikagonga bampa, na bampa lile lilikuwa limetokeza mbele kiasi kwamba Fundi, akiwa ngazi ya juu kabisa, aliitazama injini kwa mbali kama mtu aliye kibarazani anayetazama mtaa. Akanyoosha spana. Haikufika hata kwenye rejeta.

"Na bampa hili, baba, tukilifungua kidogo?"

"Bampa ndilo gari," Mzee alisema.

Ndipo Fundi alipoliona kreti. Lilikuwa chini ya mlango wa dereva, nusu limefichwa na tairi: jekundu, lenye pembe iliyokazwa kwa waya. Aliujua waya ule.

"Baba, nikilitumia lile kreti..."

"Lile liache."

"Nataka tu..."

"Lina kazi yake."

"Kazi gani, baba?"

Mzee alikohoa kwa namna inayofanana na ya gari. "Kazi," alisema, akageukia upande mwingine.

Shemeji, kaka yake mke, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha banda la mabati lililofunika gari tangu asubuhi, simu mkononi, anatoa ushauri. Alikuwa kijana wa makamo asiyekosa wazo, na mawazo yake yote yalikuwa na picha.

"Shemeji, njoo uone. Huyu jamaa amejitundika. Kamba, tyubu la gari, anaelea juu ya injini kama ndege. Mikono yote miwili iko huru. Hakuna kulala, hakuna kukanyaga, hakuna kukwaruza."

Fundi alitazama video mpaka mwisho, maana hakupenda kudharau kitu kabla ya kukiona. "Huyu ana winchi," alisema.

"Sisi tuna boriti ya banda. Hilo banda nililisimamia mimi likijengwa."

"Ndiyo maana naogopa."

"Basi tazama mwenyewe!"

Shemeji alikuwa mwepesi wa kufunga mafundo. Alirusha kamba juu ya boriti, akafunga tyubu, akapanda kupitia ngazi, akajipenyeza kiunoni, akajisukuma. Kwa muda mfupi ilikuwa kama ile video. Alielea. Akatua juu ya injini kwa upole, mikono yote huru, uso umejaa ushindi. Kisha kamba ikaanza kujisokota. Shemeji akageuka taratibu, akautazama ukuta, akalitazama geti, akamtazama baba yake, akautazama ukuta tena. Mwishowe uzito wa kichwa ulishindwa na uzito wa sehemu nyingine, miguu ikapanda mbele, naye akabaki chali, anaelea juu ya injini, anatazama mabati.

"Unaiona plagi?" Fundi aliuliza.

"Naona boriti."

Sauti ikaja kutoka ng'ambo ya barabara. Mkandarasi alikuwa ametoka, mikono kiunoni.

"Jirani! Mmemtundika nani leo?"

"Tunafanya matengenezo!" Mzee alijibu kwa sauti nene.

"Ya gari au ya kijana?"

"Ya kwako hutengenezwaje?"

"Ya kwangu haiharibiki!" Mkandarasi alisema, akaipigapiga pikapu yake ubavuni. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba boneti la pikapu ile halikuwa limefunguliwa tangu iinuliwe, kwa kuwa hakuna fundi aliyelifikia. Na gari lisilofunguliwa boneti, kusema kweli, halionekani ugonjwa.

"Washa kidogo," Mzee alimnong'oneza Fundi. "Asikie."

"Baba, injini ndiyo kwanza inaanza kupoa. Plagi ile ikifunguliwa ikiwa na moto itaondoka na hesi, yale meno ya kujisokotea, na kichwa cha injini kitaharibika. Tuiache ilivyo."

Mzee aliipa barabara mgongo. Ilimgharimu, lakini aliacha.

Kelele za shemeji ndizo zilizomtoa mkewe Fundi jikoni. Alikuja anajifuta mikono kwenye kanga, akasimama, akatazama: kaka yake hewani, baba yake amevimba, mumewe pekupeku na ugoko unaovuja damu. Hakucheka. Ila alibana midomo kwa nguvu kidogo.

"Mnafanya nini?"

"Tunaifikia injini," Fundi alisema.

"Kwa nini hamlishushi pale mferejini?"

"Nilisema. Baba hataki."

"Litainama!" Mzee alisema. "Litaiinamia nyumba ya yule, mwanangu. Nitaweka wapi uso?"

Mkewe Fundi alitazama geti, akatazama gari, akatazama dirisha la jikoni.

"Si mligeuze? Litoke nje, liingie kwa mbele. Matairi ya mbele yakifika mferejini, simamisheni. Litakuwa limeinama huku ndani."

Wote waligeukia geti. Hata shemeji aliacha kuzunguka.

"Huku ndani kwa nani?" Mzee aliuliza.

"Kwangu!" mama mkwe alisema kutoka dirishani. "Geti linatazamana na jiko. Liniinamie mimi. Mimi ndiye niliyepakiwa."

Mzee alikunja uso, akapiga hesabu ya heshima kichwani. Uliona kabisa anavyoihesabu. "Na nyuma ya gari," alisema polepole, "itakuwa inaelekea..."

"Kwa Mkandarasi, baba," shemeji alisema kutoka juu. "Tena imebinuliwa kabisa."

Uso wa Mzee ulifunguka kama duka asubuhi.

"Ondokeni njiani," alisema.

Shemeji alishushwa. Boneti likafungwa. Mzee akaenda kwenye mlango wa dereva, akashika kitasa, akasita. Alitazama nyuma. Mkewe alikuwa dirishani, binti yake na mkwewe wako uani, mwanawe anavua tyubu. Wote wanamtazama. Hakuna mtu aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa wanasubiri gari lipite tu.

"Mnatazama nini?"

Fundi, kwa adabu, aliinua macho juu akayatazama mabati. Alisikia kitu cha plastiki kikiburutwa. Akasikia mguu ukikanyaga, pumzi ikivutwa, mlango ukilia. Aliposhusha macho, Mzee alikuwa ameketi nyuma ya usukani, mrefu kuliko wote, na kreti jekundu lilikuwa limebaki chini likiwa na alama mpya ya kiatu.

"Kumbe," mkewe Fundi alisema taratibu. "Nililitafuta jikoni mpaka nikachoka."

"Amelichukua siku ile ile uliyokuja," mama mkwe alisema. "Ana gari la kimo cha ghorofa na hafiki mlangoni mwake. Nikimwambia anasema nina wivu."

Gari lilinguruma, likakohoa, likatoka getini. Shemeji alitangulia akipiga makofi. Kilichotakiwa ni Mzee afike barabarani, ageuze, arudi kabla injini haijapata moto. Lakini mtu akishapanda mahali kama pale, hashuki kwa haraka hivyo. Waliisikia pikapu ikielekea upande wa sokoni. Wakaisikia ikipiga honi penye kona. Ikapotea. Ikasikika tena mbali, nyuma ya shule, inakohoa kwa fahari. Fundi alikaa kwenye sanduku lake la zana, akashika tama. Mkewe alilichukua lile kreti, akalipangusa alama ya kiatu, akalikalia upande wa pili. Walikaa hivyo kama watu wanaosubiri zamu zahanati.

"Ugoko unauma?" mkewe aliuliza.

"Kidogo."

"Uwe unashuka polepole," alisema.

Fundi aliinua kichwa haraka, lakini mkewe alikuwa anatazama barabara.

Mzee aliporudi aliingia taratibu, matairi ya mbele yakachungulia mfereji, yakashuka. Gari likainama, pua chini, mkia juu, likawa kama mtu anayeokota kitu. Mzee alizima, akaangalia kwenye kioo cha nyuma. Mkandarasi alikuwa amesimama getini kwake, ana kwa ana na namba ya gari ya nyuma, ambayo ilikuwa imemtazama usoni. Alishusha mikono. Akaingia ndani. Mzee alikaa ndani ya gari kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akifurahi peke yake.

Fundi alifungua boneti. Injini nzima ilikuwa mbele yake, usawa wa kiuno, kama meza iliyotandikwa. Hakupanda, hakulala, hakuvua kitu. Aliweka viwiko vyote viwili kwenye ukingo wa madigadi, akashusha mabega, na mgongo wake ukatulia kama haujawahi kumdai. Mkewe alikuwa amekuja kusimama upande wa pili, na hata yeye, na ufupi wake, aliiona plagi ya mwisho bila kunyanyua visigino.

Fundi alifurahi. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kazi iliyokaa sawa ilimfungua mdomo.

"Unaona sasa?" alimwambia mkewe. "Hivi ndivyo inavyotakiwa. Kazi ndiyo inayofuata kimo cha mtu. Siyo unamwambia mtu apande vitu, ajinyooshe, ajikwaruze, halafu ukishaona kaumia unampa kitu kingine cha kupanda. Huo si ufundi. Huo ni ukatili."

Mkewe aliinua macho kutoka kwenye plagi. Alimtazama tu.

"Nini?" Fundi aliuliza.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hayo uliyosema. Polepole. Na mama asikie."

Fundi alianza kurudia. "Hivi ndivyo inavyotakiwa. Kazi ndiyo inayofuata kimo cha... Siyo unamwambia mtu apande..." Alipofika kwenye kile kitu kingine cha kupanda, sauti yake ilipungua kama redio iliyoishiwa betri. Aliliona kreti jekundu pembeni ya mguu wa mkewe. Akaona waya aliokaza kwa mikono yake, kwa upendo.

Kutoka dirishani kilisikika kisu cha mama mkwe, kimeanza tena kukata mboga, kwa mwendo wa mtu aliyeridhika.

Fundi aliinama kwenye sanduku la zana, akatafuta mpaka akapata kipande cha kamba nyembamba. Akazunguka gari, akafika kwa mkewe, akasimama mbele yake kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Kunja mkono," alisema. "Kama unakata kitunguu."

Mkewe aliukunja. Fundi alikanyaga ncha moja ya kamba kwa dole gumba, karibu na kisigino cha mkewe, akaivuta ncha ya pili mpaka chini kidogo ya kiwiko.

"Hapa?"

"Chini kidogo. Nikisonga ugali natumia nguvu."

"Hapa?"

"Hapo."

Akapiga fundo. Akalikaza kwa meno. Ilikuwa kamba fupi ajabu. Aliinyanyua akailinganisha na mbavu zake, palipokuwa na kaunta, akaona ni zege kiasi gani mtu alikuwa amelipanda kila siku na sufuria mkononi.

Kisha, kwa kuwa mtu akiaibika hutafuta kazi, alirudi kwenye injini, akashika soketi, akanyoosha mkono kuifikia plagi ya mwisho. Aliigusa. Akauvuta mkono kama aliyegusa chungu mekoni.

"Baba, ulifika mpaka wapi?"

"Hapo tu," Mzee alisema, akishuka kwa kutafuta kreti na mguu. Mkewe Fundi alilisogeza kwa upole, likamkuta. "Nimezunguka kidogo, nione kama linakohoa bado."

"Linachemka. Plagi hii siigusi leo. Nitaipulizia mafuta ya kutu yaingie usiku kucha, kesho asubuhi ikiwa baridi itatoka bila ugomvi."

"Kesho? Na geti? Gari limeziba geti!"

"Likitolewa, baba, itabidi liwashwe. Likiwashwa litapata moto tena."

Mzee alitazama mkia wa pikapu ulivyobinuka kuelekea ng'ambo ya barabara. Hasira ikamtoka taratibu. "Basi liache usiku," alisema. "Asubuhi yule huwa anatoka mapema." Kisha akakumbuka jambo jingine, akajiweka sawa, akavuta sauti ya kikao. "Haya. Mama, leta viti. Sasa tukae, tuongee habari za hawa wawili. Nina maneno ya kusema."

"Wameshaongea," mama mkwe alisema.

"Lini?"

"Ulipokuwa unashuka."

Mzee alisimama na maneno yake. Alikuwa ameyaandaa kwa siku nyingi, kuhusu uvumilivu, na kuhusu mtu kutojiona mkubwa ndani ya nyumba, na ilimuuma kuyaona yanakosa pa kwenda.

Fundi alipulizia plagi mafuta, akafunika injini kwa gunia safi, akaacha boneti wazi. Alikusanya zana zake moja moja. Kamba yenye fundo hakuitia sandukuni; aliifunga mkononi isije ikachanganyika na nyingine.

"Unarudi?" alimuuliza mkewe alipofika getini. Aliuliza kwa sauti ndogo, macho yakiwa kwenye tairi.

"Kesho unakuja kumalizia plagi?"

"Nakuja."

"Uje na nyundo. Ile kubwa."

"Nyundo ya nini kwenye plagi?"

"Siyo ya plagi. Nataka niione ina vumbi la zege. Ikiwa na vumbi, begi langu ni dogo, nalifunga wewe ukiwa unakaza hiyo plagi yako. Ikiwa safi, utakaza, utanawa, utakwenda."

"Na kreti?" Fundi aliuliza.

"Kreti haliondoki hapa!" Mzee alisema kwa haraka, kisha akatazama pembeni. "Yaani. Lina kazi."

"Umesikia," mkewe alisema. "Kreti limepata mwenyewe. Na mimi bila kreti siwezi kupika kwako kama palivyo."

Fundi alijipenyeza kati ya ubavu wa gari na nguzo ya geti, tumbo ndani, sanduku la zana kichwani. Alipotokea barabarani aligeuka. Mkewe alikuwa ameweka viwiko juu ya ukingo wa injini, pale alipokuwa yeye, anaitazama plagi ya mwisho bila haraka. Nyundo kubwa ilikuwa nyumbani, chini ya kaunta, nyuma ya mtungi wa gesi. Zege alilimwaga mwenyewe na alijua limeshiba nondo. Lisingevunjika lote kwa jioni moja. Lakini vumbi, alifikiri akiongeza mwendo, vumbi litapatikana.